Viini vinne vikishindwa na kimoja: uzi kwa wanaosoma usanifu wa kompyuta na uchakataji sambamba

Mleta mada

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaandika nikiwa Chumbageni, Tanga. Mada yangu inawahusu zaidi wanaosoma usanifu wa kompyuta na uchakataji sambamba katika ngazi ya uzamili, ingawa aliyewahi kuandika programu ndogo ya lugha ya C anaweza kuifuata bila taabu. Naomba radhi mapema kuhusu neno "uzi". Humu jukwaani ni mjadala huu tunaoufungua, na kwa wenzetu wa kompyuta ni mfululizo mmoja wa amri unaotekelezwa na kiini cha prosesa (prosesa ni ubongo wa kompyuta, na ya siku hizi huwa na viini kadhaa, kila kimoja kikitekeleza amri zake). Nitakapotaja nyuzi nne, sina maana ya mijadala minne.

Kazi yangu ya kwanza ya maabara ilionekana kuwa ya kitoto. Tulipewa faili kubwa la maandishi ya Kiswahili, tukaagizwa tuhesabu kila irabu imetokea mara ngapi, kwanza kwa uzi mmoja na kisha kwa nyuzi nne, halafu tulinganishe muda. Niligawa faili vipande vinne vilivyo sawa, kila uzi nikaupa kipande chake na hesabu zake tano, ili pasiwe na uzi unaogusa namba ya mwenzake. Hapakuwa na kufuli wala kusubiriana. Kwa uzi mmoja programu ilimaliza kwa sekunde 11. Kwa nyuzi nne, kwenye kompyuta mpakato yenye viini vinne, ilimaliza kwa sekunde 19. Nilirudia mara tano, na kila mara idadi ya irabu ilitoka sahihi na muda ukatoka mbaya.

Mwalimu aliyenisimamia hakutaka hata kuitazama programu. Aliniuliza tu: "Hizo namba zako ishirini zinakaa wapi?" Nikamjibu kwamba zinakaa kwenye kumbukumbu. Akaniambia nirudi siku nitakapokuwa na jibu.

Jibu nililipata kwa kuchora kwenye karatasi. Nilikuwa nimelipanga jedwali kwa irabu kwanza, halafu kwa nyuzi, yaani hesabu nne za *a*, zikifuatwa na hesabu nne za *e*, na kuendelea hivyo hadi *u*. Kila namba ilikuwa ya baiti 8, kwa hiyo irabu moja ilichukua baiti 32, na jedwali zima baiti 160. Prosesa ile, kama zilivyo nyingi za kompyuta mpakato, haisafirishi kumbukumbu baiti mojamoja. Inaisafirisha kwa mistari ya baiti 64. Kumbe *a* na *e* za nyuzi zote nne zilikuwa zimelala kwenye mstari mmoja, *i* na *o* kwenye mstari wa pili, na *u* peke yake kwenye wa tatu. Mimi niliona kila uzi una namba zake. Mashine iliona viini vinne vinavyogombea mistari mitatu.

Kila kiini huweka nakala za mistari hiyo kwenye kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu nacho, na ugomvi huo unasimamiwa na itifaki ya upatanifu wa kache. Inayofundishwa zaidi ni MESI, iliyotokana na kazi ya Papamarcos na Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois ya mwaka 1984. Itifaki hiyo huupa kila mstari wa kache hali moja kati ya nne: umebadilishwa, ni wa pekee, unashirikiwa, au ni batili. Kiini hakiruhusiwi kuandika kwenye mstari mpaka nakala zote zilizoko kwa wenzake zifanywe batili. Sasa tazama kilichokuwa kikitokea. Uzi wa kwanza unakutana na *a*, unauvuta mstari kwake, unaongeza moja. Papo hapo uzi wa tatu nao umekutana na *a* kwenye kipande chake, kwa hiyo unaubatilisha mstari kule na kuuvuta huku. Kabla mstari haujatulia, uzi wa pili umekuta *e*, ambayo iko kwenye mstari uleule. Na lugha yetu, ambayo karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, haiwapi washindani nafasi ya kupumua.

Hali hii mimi huiita ushirika bandia: nyuzi hazishirikiani data yoyote, lakini zinashirikiana chombo cha kuibebea. Nilipoupa kila uzi hesabu zake kwenye eneo lake mwenyewe la kumbukumbu, mbali na wenzake, na kujumlisha mara moja mwishoni, programu ileile ilimaliza kwa sekunde 3 na ushee. Sikubadilisha hata amri moja ya kuhesabu. Nilihamisha tu mahali pa kuandikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa mbishi kidogo. Mtu akinieleza kwamba programu yake ina nyuzi kadhaa kwenye viini kadhaa, nataka kwanza nijue data yake inasafiri umbali gani, na ni nani mwingine ameishika wakati anapoihitaji. Ninaona masomo haya yanafundishwa kinyumenyume, kwa kuanza na idadi ya viini. Karibuni wenye maswali, na zaidi wenye matokeo yaliyowashinda.

Mchangiaji wa Bagamoyo

Heshima yako, mkuu. Mimi niko Magomeni, hapa Bagamoyo, ninaandaa tasnifu kuhusu kuzidisha matriki kwa njia sambamba, na nina mambo mawili.

La kwanza ni la ubishi. Kompaila yoyote ya siku hizi (programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine), ikiruhusiwa kuboresha programu, ingeiweka hesabu kwenye rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya kiini, na kuiandika kwenye kumbukumbu mara moja tu kitanzi, ile sehemu inayojirudia, kinapokwisha. Ushirika bandia ungetoka wapi?

La pili ni la mtihani. Ninachanganyikiwa kati ya sheria ya Amdahl na ya Gustafson. Ya kwanza inanikatisha tamaa, ya pili inaniahidi mbingu, na zote mbili zimo kwenye muhtasari wa somo kana kwamba zinakubaliana.

Mleta mada

Ubishi wako ni wa haki, ndugu yangu. Kama ningekuwa ninahesabu *a* peke yake, kompaila ingeniokoa bila mimi kujua, na pengine nisingejifunza lolote. Kilichoizuia ni kwamba namba ya kuongezwa ilichaguliwa na herufi iliyosomwa wakati huohuo. Kompaila haiwezi kujua mapema ni ipi kati ya zile tano itakayoguswa, na rejista hazichagulikani kwa namba inayobadilika, kwa hiyo kila irabu ilisomwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Wanaohesabu rangi za picha au kugawa rekodi kwenye makundi watakutana na jambo hilihili.

Kuhusu la pili, Gene Amdahl alitoa hoja yake mwaka 1967, na anaanza na kazi isiyobadilika ukubwa. Ikiwa sehemu ya 5% ya muda wa kazi hiyo haigawanyiki, viini 4 vinakupa kasi ya mara 3.48, viini 16 mara 9.14, viini 64 mara 15.4, na viini 1,024 mara 19.6 tu. Hata ukileta viini visivyo na idadi hutavuka mara 20, kwa sababu ile 5% itakusubiri pale pale.

John Gustafson, akiwa katika maabara ya Sandia nchini Marekani, aliandika mwaka 1988 baada ya yeye na wenzake kupata kasi ya zaidi ya mara 1,000 kwenye mashine ya nCUBE yenye prosesa 1,024. Yeye alishikilia muda badala ya kazi: mtu akipewa mashine kubwa huongeza ukubwa wa tatizo, na mara nyingi sehemu isiyogawanyika haikui kwa kadiri hiyo. Kwa hesabu yake, 5% kwenye prosesa 1,024 inatoa mara 972.85.

Angalia basi 5% ya nani. Kwa Amdahl, ni 5% ya muda wa mashine yenye prosesa moja. Kwa Gustafson, ni 5% ya muda unaopimwa kwenye mashine sambamba yenyewe. Alama ya sehemu isiyogawanyika ni ileile ubaoni, lakini inasimamia vitu viwili tofauti. Ukilibainisha hilo kwenye mtihani, ugomvi unakwisha. Ninachowalaumu wote wawili, kama mwanafunzi naweza kuwalaumu wakubwa, ni kwamba fomula zao hazina mahali pa kuandika gharama ya mawasiliano. Sekunde zangu 19 haziingii kwenye sheria yoyote kati ya hizo, maana kwa Amdahl kuongeza kiini kunaweza kukosa faida, lakini hakuwezi kukurudisha nyuma.

Mchangiaji wa Bagamoyo

Nimekuelewa. Acha niiweke kwa macho yangu, unisahihishe. Huku pwani kuna mafundi wa majahazi. Mkuku ukiwa haujalazwa, hata ukiwaita mafundi ishirini, watakaa kivulini. Mkuku ukishalala na mataruma yakisimama, hapo ndipo wanaweza kupigilia mbao upande huu na upande ule kwa pamoja. Mkuku ndio ile 5% ya Amdahl. Gustafson angesema: basi tuunde majahazi kumi kwa wakati mmoja, mafundi wote watakuwa na kazi.

Mleta mada

Umepatia sehemu ya kwanza, na ya pili umeiteleza kidogo, ingawa umeteleza mahali pazuri. Majahazi kumi kwa pamoja ni wingi wa kazi kwa muda. Tajiri anayesubiri jahazi lake moja halipati mapema hata kwa siku moja. Gustafson angesema: tuunde jahazi moja kubwa zaidi, ambalo mkuku wake unaongeza kazi kidogo tu lakini mbao zake zinaongeza kazi maradufu.

Ila mfano wako wa majahazi kumi unaifaa kadi ya michoro. Prosesa ya kawaida imejengwa ili jahazi moja litoke mapema, na sehemu kubwa ya transista zake (swichi ndogo za umeme ndani ya chipu) zinatumika kubashiri, kupanga upya amri na kuhifadhi data kwenye kache. Kadi ya michoro hutumia transista nyingi zaidi kwenye hesabu zenyewe. Kwenye kadi za NVIDIA, nyuzi huenda kwa vikosi vya 32 vinavyotekeleza amri moja kwa pamoja, na kikosi kimoja kikikwama kusubiri kumbukumbu, kingine kinaingizwa mara moja. Kusubiri hakuondolewi, kunafichwa nyuma ya kazi nyingine. Ndiyo maana kadi hizo zinahitaji maelfu ya nyuzi, na ukizipa nyuzi kumi zinakuwa goigoi.

Mstaafu wa bandari

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta. Binti yangu anayesoma mambo hayo ndiye aliyenionyesha mjadala huu kwa sababu ya Tanga. Lakini hilo la kusubiri ninalijua. Kwa miaka mingi maji ya gatini hapa kwetu hayakuwa na kina cha kupokea meli kubwa. Meli ilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari, tagi ikayavuta hadi gatini, halafu mzigo uleule ukanyanyuliwa mara ya pili. Wageni walikuwa wakija na kusema tuongeze winchi na vibarua. Vibarua walikuwapo wa kutosha, wamekaa wanatazama bahari, kwa sababu tishari halijafika. Kilicholeta nafuu ni kuchimba kina na kujenga gati jipya ili meli ifike yenyewe. Je, kwenu hakuna kuchimba kina?

Mleta mada

Shikamoo, mzee wangu. Kwa aya moja umetufundisha jambo ambalo mimi lilinichukua muhula mzima, na naomba nilijaze namba kwa ajili ya wenzangu.

Prosesa ya gigahezi 3 ina mapigo bilioni tatu kwa sekunde, maana yake pigo moja ni theluthi ya nanosekunde. Kusoma kutoka kache ya karibu kabisa, ambayo mara nyingi ni ya kilobaiti 32 hadi 48, huchukua mapigo 4 au 5. Kwenda hadi kumbukumbu kuu kunaweza kuchukua nanosekunde 90, ambayo ni mapigo 270. Huyo ni kibarua anayekaa kitako kwa mapigo 270 akisubiri tishari moja. Wulf na McKee waliliandikia jambo hili mwaka 1995 na kuliita ukuta wa kumbukumbu: kasi ya prosesa ilikuwa inakua haraka sana kuliko kasi ya kumbukumbu, na pengo likawa linapanuka kila mwaka.

Lakini tishari lina mambo mawili, na wanafunzi wengi huyachanganya. Kuna muda ambao tishari moja linachukua njiani, na kuna tani zinazofika gatini kwa saa. Matishari mengi yakiwa njiani kwa pamoja, tani zinaongezeka ingawa safari ya kila moja haijafupika. Kwenye kompyuta, hiyo ya pili ndiyo upana wa njia ya kumbukumbu, na viini vyote vinautumia kwa shirika.

Chukua kazi ya kujumlisha vekta mbili ndefu na kuandika ya tatu, kwa namba za baiti 8. Kila jumla moja inasoma baiti 16 na kuandika 8, jumla baiti 24. Njia ikipitisha gigabaiti 20 kwa sekunde, haiwezekani kuvuka jumla milioni 833 kwa sekunde, uwe na kiini kimoja au hamsini. Kwenye kompyuta nyingi ndogo kiini kimoja au viwili vinatosha kuijaza njia hiyo, na vinavyofuata ni vibarua wa kutazama bahari. Mwaka 2009 Williams, Waterman na Patterson waliligeuza wazo hili kuwa mchoro unaofanana na paa la nyumba: upande wa mteremko ni kazi zinazobanwa na kumbukumbu, upande wa bapa ni zinazobanwa na hesabu, na unajua uko wapi kwa kugawanya idadi ya hesabu kwa idadi ya baiti zinazosafirishwa. Kama kuna mchoro mmoja ambao ningeulazimisha uwe kwenye kila tasnifu ya fani hii, ni huo.

Kuhusu kuchimba kina, mzee wangu, ndiyo, kupo. Kuna mbinu ya kuweka kumbukumbu kwa tabaka juu ya tabaka karibu kabisa na prosesa ili njia iwe pana zaidi, na kadi kubwa za michoro zinaitumia. Ni ghali. Sisi wenye kompyuta za kawaida tunabaki na njia ya pili, ambayo ni kuhakikisha kila mzigo ukishafika gatini tunautumia mara nyingi kabla ya kuurudisha. Na hapo ndipo tasnifu ya ndugu yetu wa Bagamoyo ilipo. Kuzidisha matriki mbili za 1,000 kwa 1,000 kuna hesabu bilioni 2, lakini matriki zote tatu kwa pamoja ni megabaiti 24 tu. Kila namba inaweza kutumika mara nyingi sana, ilimradi mpangilio wa vitanzi usiitupe nje ya kache kabla ya wakati wake.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Shikamooni. Mimi ni msichana ninayesoma kwa jioni, naishi Ngamiani, na nimekwama kwenye jambo linalonifanya nijitilie shaka. Nina uzi mmoja unaoandika matokeo kwenye kigezo (mahali penye jina pa kuhifadhi thamani kwenye programu), kisha unainua bendera kwa kuandika 1 kwenye kigezo kingine. Uzi wa pili unaingoja bendera, ukiiona imepanda unasoma matokeo. Kwenye kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel imefanya kazi maelfu ya mara. Kwenye bodi ndogo ya Raspberry Pi, mara moja moja, uzi wa pili unaiona bendera lakini unasoma sifuri. Kache si zina itifaki ya kuzipatanisha? Au bodi yangu ni mbovu?

Mleta mada

Marahaba, dada. Bodi yako ni nzima, na swali lako lina uzito kuliko unavyodhani.

Itifaki ya upatanifu inatoa ahadi kuhusu anwani moja: viini vyote vitakubaliana juu ya mfuatano wa maandishi kwenye anwani hiyo. Haisemi lolote kuhusu anwani mbili tofauti, nayo bendera yako na matokeo yako ni anwani mbili. Kinachosimamia hapo ni kanuni nyingine, ya mpangilio wa kumbukumbu. Leslie Lamport aliieleza mwaka 1979 hali ambayo sote huidhania bila kufikiri, kwamba matokeo ya programu yawe kana kwamba amri za nyuzi zote zimepangwa kwenye foleni moja, na ndani ya foleni hiyo amri za kila uzi zimefuata utaratibu wake. Karibu hakuna prosesa kubwa ya leo inayoitoa ahadi hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu ingeilazimu kusubiri mno.

Jaribu hili hata kwenye hiyo Intel. Vigezo x na y vina sifuri. Uzi wa kwanza unaandika 1 kwenye x kisha unasoma y. Wa pili unaandika 1 kwenye y kisha unasoma x. Kwa foleni ya Lamport haiwezekani wote wawili wasome sifuri, maana lazima mmoja wao aandike kwanza. Endesha mara milioni kadhaa na utaona sifuri mbili zikijitokeza. Kila kiini kina bafa ya kuandikia. Maandishi yanakaa humo kwa muda kabla ya kuonekana na wengine, na wakati huo kiini kinaendelea na kusoma kwake. Ni kama mtu aliyekwisha kuandika barua, lakini bado iko mfukoni mwake.

Kwenye familia ya Intel, hata hivyo, barua zinatoka mfukoni kwa mpangilio uleule zilivyoandikwa, na usomaji nao unaonekana kufuata utaratibu wake, ndiyo maana bendera yako ilifanya kazi. Bodi ya Raspberry Pi inatumia prosesa ya ARM, ambayo haikupi ahadi hiyo: bendera inaweza kuonekana kabla ya matokeo, au msomaji akawahi kusoma matokeo kabla ya kuisoma bendera. Simu karibu zote zilizoko mifukoni mwetu ni za aina hiyo pia. Na kompaila, kwa upande wake, ina ruhusa ya kugeuza mpangilio hata kabla prosesa haijaona kitu.

Dawa ni kutumia vigezo vya atomiki, ambavyo hukuruhusu kuidai kompaila na prosesa ziheshimu mpangilio, vilivyoingizwa kwenye kiwango cha C cha mwaka 2011. Bendera iandikwe kwa hali ya kuachilia na isomwe kwa hali ya kupokea. Maandishi yote yaliyotangulia kuachilia yataonekana kwa aliyepokea. Usidanganyike na neno *volatile* la lugha ya C. Linamzuia kompaila kwa sehemu, lakini halimwambii prosesa chochote.

Mchangiaji mwingine

Mleta mada, naomba niulize lililo moyoni mwa wengi. Taabu yote hii ya nini? Kwa nini watengenezaji wasitupe kiini kimoja chenye gigahezi 30, kila mtu akaandika programu yake ya uzi mmoja kwa amani?

Mleta mada

Wangependa sana, na walijaribu. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volti nazo zikipunguzwa kwa kiasi hicho, joto kwa eneo moja halibadiliki ingawa mapigo yanaongezeka. Kwa miaka thelathini tuliishi kwa neema hiyo. Ilipofika karibu mwaka 2005 volti hazikuweza tena kushuka kwa kasi ileile, kwa sababu transista ndogo zilianza kuvuja umeme hata zikiwa zimezimwa. Pentium 4 ya mwaka 2004 iliishia gigahezi 3.8, na mwaka huohuo Intel ikaufuta mradi wa prosesa iliyokuwa iifuate, ikageukia viini vingi.

Hesabu yake inavutia. Nguvu inayotumika hufuata mapigo ukizidisha kwa kipeo cha pili cha volti. Punguza vyote viwili kwa 20%, unabaki na 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani 0.512 ya nguvu ya awali. Kwa hiyo viini viwili vya polepole vinakula umeme ule ule wa kimoja cha haraka, na kwa pamoja vinaweza kufanya kazi mara 1.6, ikiwa mwandishi wa programu ataweza kuwagawia. Hilo "ikiwa" ndilo tulilokabidhiwa sisi.

Mchangiaji wa Bagamoyo

Nimerudi baada ya siku nne, mkuu, na matokeo. Matriki zangu ni za 1,500 kwa 1,500. Kwa mpangilio wa vitanzi niliokuwa nao, ambao kitanzi cha ndani kinashuka safuwima ya matriki ya pili, uzi mmoja ulichukua sekunde 14. Nilibadilishana vitanzi viwili vya ndani tu ili kila usomaji uende mbele kwenye mstari, ikawa sekunde 2 na nusu, kwa uzi uleule mmoja. Tasnifu yangu ilikuwa inajivunia kwamba viini vinne vimeshusha sekunde 14 hadi 4. Sasa uzi mmoja unawashinda wanne wangu.

Kuna na jambo linalonitatiza. Juzi jioni nilipima tena, nikapata sekunde 4 badala ya 2 na nusu, programu ikiwa haijaguswa. Na je, nina bodi nne za Raspberry Pi, nizitumie kuunganisha mashine kubwa zaidi?

Mleta mada

Jioni hiyo umeme ulikuwapo? Kompyuta mpakato ikitegemea betri hushusha mapigo ili kuhifadhi chaji, na hata ikiwa kwenye umeme, kwa joto letu la pwani hushusha mapigo ikishaanza kuchemka. Mimi hupima alfajiri, chaja ikiwa imechomekwa, feni ya mezani ikiielekea, narudia mara kumi na kuandika thamani ya kati pamoja na ya chini na ya juu kabisa. Pia tumia *perf* ya Linux kuhesabu mara ambazo data ilikosekana kwenye kache. Namba hiyo haitikisiki na betri kwa kiasi kikubwa, nayo itakueleza kwa nini 14 iligeuka 2 na nusu.

Bodi nne ni shule nzuri ya kutumiana ujumbe kwa MPI, kiwango kilichotoka mwaka 1994, lakini usitarajie kasi. Waya wa mtandao wa gigabiti 1 unapitisha megabaiti 125 kwa sekunde ukiwa na bahati, na kumbukumbu ya ndani ya bodi inapitisha gigabaiti kadhaa. Yale ya matishari ya mzee wetu utayaona kwa macho. Kwa tasnifu yako ningebaki kwenye kompyuta mpakato na OpenMP, ambayo hugawa kazi kwa nyuzi za mashine moja.

Mchangiaji wa Bagamoyo

Umeme ulikuwa umekatika, ndiyo, tangu saa kumi na moja. Nimeona aibu kidogo. Swali la mwisho: msimamizi wangu amekwisha kupitisha kichwa cha tasnifu. Niombe kukibadilisha?

Mleta mada

Kichwa kiache. Futa jedwali linalolinganisha sekunde 14 na 4, weka sekunde 2 na nusu kama msingi, kisha pima nyuzi 2, 3 na 4 dhidi ya msingi huo, vitanzi vikiwa vimegawanywa kwa vipande vinavyoenea kwenye kache. Nategemea uzi wa nne utakupa faida ndogo kuliko wa pili. Ukiupata mchoro wa paa, uulete hapa tuuone.